Hema la Mtu Mmoja Langoni

Muriithi wa Kiganjo alikuwa mchukuzi wa mizigo mlimani, na mnyapara wake, Kingori, alikuwa amemwambia maneno yaliyomnyima raha.

"Safari hii nataka msaidizi wa guide. Lakini huyo analala karibu na wageni, si huku na nyinyi. Kuja na tenti yako, ndogo, na utaibeba juu ya mzigo yako. Ukikosa, kazi ni ya Kahiga."

Kahiga! Mtu aliyekoroma hadi fisi wa Naro Moru wakahama. Muriithi alikuwa amelala ubavuni pake misimu mitatu, na kumwona akipandishwa cheo mbele yake kungemuumiza kuliko baridi ya kileleni.

Basi, Julai ya mwaka wa sabini na nne, alikwenda Nyeri mjini akiwa na pesa za kondoo mmoja na hamu ya ng'ombe watatu. Aliingia Majengo, kwenye duka la Shariff, mzee aliyeuza kila kitu ambacho mwenyewe wa kwanza alikuwa amekichoka.

Shariff alimwonyesha kwanza turubai la askari. Muriithi aliliinua, akaguna, akaliweka chini.

"Hii si tenti, mzee. Hii ni ng'ombe imekufa."

Likaja karatasi la nailoni la kuanikia kahawa. Hilo lilikuwa jepesi na bei yake ya kuchekesha, lakini Muriithi alishawahi kulala chini ya nailoni, na pumzi zake mwenyewe zikamnyeshea mpaka asubuhi. Mwisho Shariff alitoa hema la rangi ya chungwa, lililoachwa na Mjerumani mmoja. Muriithi alilinyanyua kwa vidole viwili, moyo ukamruka. Akauliza bei. Alilirudisha taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe.

Mwanasiti, mkewe Shariff, alikuwa barazani na cherehani yake, akisikia yote.

"Kijana, wataka nyepesi, wataka ya bei rahisi, na wataka isivuje. Ukiipata dukani hiyo, njoo uniambie na mimi." Akavuta gunia lililokuwa miguuni pake. Lilijaa vitambaa vya miavuli iliyovunjika, kwani katika mji ule wa manyunyu miavuli hufa kila siku. "Lala hapo chini nikupime."

Muriithi akajinyoosha barazani, mikono ubavuni, macho juu, naye Mwanasiti akampima kwa futi yake toka utosi hadi kisigino. Watu wawili waliokuwa wakipita walisimama wakampa Shariff pole.

Hema lilipokwisha lilikuwa jeusi, isipokuwa upande mmoja wenye maua mekundu, maana vitambaa vyeusi viliisha. Lilisimama kwa mianzi miwili na uzito wake haukufika wa kuku. Mwanasiti alikuwa ameisugua mishono yote kwa mshumaa ili maji yasipenye. "Usipande nalo mlimani kabla halijanyeshewa nyumbani," alimwonya.

Ushauri mzuri. Ila Mwanasiti hakujua boma la Muriithi, na Muriithi, kwa furaha yake, alisahau alikozaliwa. Mahali pa pekee palipokuwa tambarare palikuwa kando ya lango, naye akalisimamisha pale pale. Sasa, kwa Wagikuyu, kando ya lango ndipo mwanamume hujenga thingira, kibanda chake mwenyewe. Na mume aliyezoea kulala kwa mkewe, akianza ghafla kujijengea thingira, hakuna haja ya kuuliza: mke wa pili yuko njiani.

Wa kwanza kuliona alikuwa mama yake, bibi kizee Watiri. Alilizunguka, akayachungulia yale maua mekundu, kisha akaenda moja kwa moja jikoni kwa mkaza mwanawe.

"Usilie, Ngendo. Hata mimi nililetewa mwenzangu, na kuni tulizibeba pamoja."

Ngendo hakuwa amelia. Alikuwa na mtoto mgongoni, aliyeitwa Watiri kama bibi yake, na aliyerithi jina pamoja na sauti. Alitoka mpaka langoni akaingiza kichwa hemani.

"Baba Watiri, hii nyumba ni ya nani?"

"Ni ya mlima! Naijaribu tu, kama inavuja."

"Mlima umehamia kwa lango yetu?"

Muriithi alieleza habari za Kingori, za Kahiga, za miavuli. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kufanana na mwongo, na majirani wawili walishafika kutoa maoni kuhusu mahari. Lisemwalo lipo, walisema, kama halipo laja.

"Sawa," alisema Ngendo. "Kama ni kujaribu, nitaijaribu mimi. Wewe shika mtoto."

Akamkabidhi mtoto, akachukua blanketi, akaingia, akafunga. Manyunyu yakaanza. Huko nyumbani mtoto alilia, akanyamaza ili apate nguvu, akalia tena. Muriithi alimbeba, akamwimbia, akamwomba msamaha.

Kulipopambazuka alikwenda langoni, macho mekundu, mtoto mgongoni. Safari ilikuwa siku ile, na lori la Kingori lingepita barabarani wakati wowote. Alifungua hema polepole. Ndani palikuwa pakavu, na Ngendo alikuwa amelala kinywa wazi. Muriithi akatambua kwamba tangu mtoto azaliwe hajawahi kumwona mkewe amelala. Yeye alikuwa akitoka mlimani na kuja nyumbani kupumzika! Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye mchukuzi hakuwahi hata kuuonja ule wa mkewe. Aibu ilimshika, na huruma, na mapenzi.

"Mwamshe," alisema mama yake. "Lori itakuacha, na kazi itakuwa ya yule wa kukoroma."

"Acha alale, mama."

Akamkabidhi mtoto, akaenda barabarani mikono mitupu. Lori lilisimama.

"Tenti iko wapi?" aliuliza Kingori.

"Iko na mtu ndani."

"Basi panda nyuma na wengine."

Alikuwa ameweka mguu mmoja juu aliposikia jina lake. Ngendo alikuwa akija mbio, pekupeku matopeni, hema amelikumbatia kama nguo zilizoanuliwa, mianzi kwapani. Uso wake ulikuwa umekunjuka, na alikuwa mzuri kiasi cha wachukuzi kusimama lorini wamtazame.

"Haivuji," alisema, akihema. Akamtupia hema kifuani. "Enda ukafanye kazi. Lakini ukirudi, hii ni yangu mpaka upande tena."

"Ni yako," alisema Muriithi.

"Haya," alisema Kingori, "panda mbele."

Bibi Watiri naye alikuwa amefika barabarani, mtoto akipiga kelele mgongoni mwake.

"Muriithi!" aliita juu ya ngurumo za lori. "Huyo mama wa kushona, mwambie anipime na mimi!"