Redio Isiyoongea na Mtu

Aibu iliyompata Fatu siku ya posa ya binti yake, Lulu, ilisambaa Ujiji nzima, na waliokuwa mbali walisimuliwa kwa nyongeza. Wazee wa upande wa mume walikuwa wamekaa sebuleni, kanzu zimepigwa pasi mpaka zingeweza kusimama zenyewe, sambusa ziko kwenye sinia, na sabufa mpya pale kona inatoa kaswida ya taratibu. Mara kaswida ikakatika. Yule mwanamke anayeishi ndani ya masabufa, ambaye hakuna aliyewahi kumwona lakini kila nyumba inamjua, akatangaza kwa Kizungu chake cha Kichina kwamba blutuuthi imeunganishwa. Kisha ikashuka singeli.

Singeli yenyewe ilimwimba babu mmoja anayehangaika na uchumba huku meno yake ya mbele ameyaacha nyumbani kwenye glasi ya maji. Mzee Saidi, mshenga wa upande wa mume, alikuwa na meno ya bandia. Ujiji nzima ililijua hilo, na yeye peke yake ndiye aliyedhani ni siri. Fatu aliruka kwenda kuzima, akabonyeza kitufe cha kuongeza sauti. Alipokipata cha kuzima, wazee walikuwa mlangoni wanatafuta ndala zao, na sambusa hakuna aliyeonja hata moja.

Mume mwenyewe mtarajiwa aliitwa Hamdani, mwenye maboti ya dagaa pale Kibirizi na gari la kubebea barafu. Fatu aliuza mawese sokoni tangu baba yake Lulu alipofariki, vidole vimekolea rangi ambayo sabuni ilishakata tamaa nayo. Kwa hiyo posa ilipoletwa, hakumwona Hamdani wala hakumwona Lulu. Alijiona mwenyewe amekaa kiti cha mbele cha lile gari, kioo kimeshushwa, watu wa soko wanamwita mama mkwe. Kusema kweli, aliyekuwa anaolewa ni Fatu, Lulu alikuwa anasindikiza tu.

Lulu alikuwa ameshasema hamtaki. Alisema asubuhi moja wakichota maji, Fatu akamwambia ndoo inamwagika. Akasema tena jikoni, akaambiwa ageuze samaki, ameungua upande mmoja. Sababu yake ilikuwa cherehani. Lulu alishona barazani, tena kwa sifa, na Hamdani alikuwa ametuma neno kwamba mke wake hatakaa barazani kukanyaga cherehani huku wapita njia wanahesabu vifundo vya miguu yake. Fatu hakusubiri hata ndoa. Alilibeba lile cherehani kwa msaada wa mashoga zake, akalisukumia stoo nyuma ya madumu ya mawese na kulifunika gunia.

Mtu angeuliza, je, si binti huulizwa? Huulizwa, tena mbele ya mashahidi. Katika ukoo wao, wazee wakishamaliza maneno yao, kaswida hupunguzwa sauti, nyumba nzima inanyamaza, na shangazi anaingia chumbani kumuuliza binti kama ameridhia. Binti mwenye adabu hajibu. Akinyamaza, ameridhia, na shangazi anatoka kupiga vigelegele. Fatu aliupenda sana utaratibu huo kwa sababu haumwachii binti nafasi ya kuharibu.

Sasa, baada ya balaa la singeli, Hamdani alituma ujumbe kwamba amesamehe na wazee watarudi Jumamosi inayofuata. Aliongeza kwamba wakitukanwa tena, mabinti hawajaisha, hata Kagunga wapo. Fatu hakulala vizuri wiki hiyo. Hukumu alikuwa ameshaitoa: mkosaji ni Gervasi, jirani yake, Muha wa Kasulu, fundi wa kuchomelea anayefungua muziki kabla hajafungua macho. Gervasi aliapa kwamba siku ile alishinda Katonga, anachomelea fremu za taa za maboti, na kwamba simu yake hata chaji haikuwa nayo. Fatu alimjibu kwamba simu za siku hizi zina mikono mirefu. Tangu hapo Gervasi akimsabahi kwa Kiha chake, “Mwakeye, mama,” Fatu alipita kama vile salamu ilikuwa ya mbuzi aliyefungwa nyuma yake.

Siku ya Alhamisi akaenda Mwanga, kwenye duka la Ashraf la vitu vya umeme.

“Nataka kitu cha kupiga kaswida,” alimwambia Ashraf, “lakini kisiongee na mtu.”

Ashraf alimwamkia shikamoo, akamkalisha kwenye stuli, akaanza kushusha mali. Alishusha spika yenye taa za disko, akasema hii mama ukiwasha hata wagonjwa wanaamka. Fatu akauliza kama ina blutuuthi. Ashraf akasema inayo, tena ile kali. Fatu akaisukuma pembeni kwa kidole kimoja. Ikaja nyingine yenye mpini, ikaja iliyofanana na tanki la petroli, na ikaja ndogo ya mviringo ambayo Ashraf aliibusu kabla ya kuiweka mezani. Zote zilikuwa nayo. Ashraf alilalamika kwamba siku hizi kutafuta kitu kisicho na blutuuthi ni kama kutafuta mchumba asiye na ndugu, na Fatu, ambaye Jumamosi alikuwa anawasubiri ndugu za mchumba, hakucheka.

Akapewa redio ndogo ya betri, safi kabisa, haina huo ududu. Fatu aliishika, akaona antena. Akauliza antena ni ya nini, akajibiwa ya kukamata stesheni. Alimtazama Ashraf kwa masikitiko. Redio gani ya Kigoma ambayo haijawahi kuhamia Burundi yenyewe? Unasikiliza taarifa ya habari vizuri, upepo wa ziwa unageuka, na Mrundi anaanza kukutangazia bei ya maharage. Fatu alimweleza kwamba hataki mzee Saidi ashike sambusa mkononi halafu aanze kusalimiwa kwa Kirundi. Antena nayo ni mlango, na yeye anataka nyumba isiyo na mlango.

Ashraf alijikuna, akapanda ngazi hadi rafu ya juu kabisa, akashuka na boksi lililofifia rangi. Ndani mlikuwa na MP3 ya zamani, kubwa kiasi cha kipande cha sabuni ya kufulia, ina spika yake kiunoni, tundu la memori, vitufe vitano na kioo kidogo kinachoandika namba ya wimbo. Haina antena. Haina laini. Haina chochote cha kuwasiliana na binadamu. Ashraf aliona haya kidogo kuiuza, akasema hii mama imekaa kizee, vijana hawaitaki.

Fatu hakumwamini hata hivyo. Alitoka nayo nje, akaiwasha, akasimama kwenye kijiwe cha bodaboda na kuwaambia vijana wote watoe simu zao wajaribu kuiingilia. Walidhani ni bahati nasibu. Wakatafuta, wakainua simu juu, mmoja akapanda juu ya pikipiki. Walikamata vitu vya kila aina, mpaka runinga ya hotelini, lakini ile MP3 hakuna aliyeiona. Fatu alirudi dukani ameinua shingo.

Wakati Ashraf anamrushia kaswida kwenye memori, Fatu alimsimulia kisa cha singeli, naye akamuuliza huyo jirani mchokozi anakaa umbali gani. Fatu akaeleza: ukitoka sebuleni unapita ua, unapita choo, unapita wigo wa michongoma, unavuka njia, ndipo kwa Gervasi.

“Mama, blutuuthi haifiki huko,” alisema Ashraf, macho kwenye kompyuta. “Ikigonga ukuta wa pili imechoka. Aliyekuingilia alikuwa ndani ya nyumba yako.”

Kuna jambo liligusa akili ya Fatu, na akili ikaondoa mkono haraka kama aliyeshika sufuria la moto. Aliuliza memori imejaa au bado. Kisha akalipa bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo lilimshtua Ashraf kuliko yote yaliyotokea asubuhi hiyo.

Nyumbani alimwonyesha Lulu. Lulu aliigeuza ile MP3 mikononi, juu na chini, kama anayetafuta mshono.

“Haina blutuuthi?” aliuliza.

“Haina.”

“Hata redio?”

“Hata redio. Hii haiongei na mtu.”

Lulu aliirudisha mezani polepole, akasema ni nzuri. Fatu alilichukulia hilo kuwa dalili njema, maana wiki nzima binti hakuwa amesifu kitu.

Jumamosi baada ya Alasiri wazee walifika. Mzee Saidi aliikagua sebule kwanza, akaiona kona haina sabufa, akakaa. Ile MP3 ilikuwa juu ya kabati, imetandikiwa kitambaa cha kufuma, inaimba kwa unyenyekevu. Hakuna mwanamke wa Kichina aliyetangaza lolote. Baba mdogo wa Lulu, ambaye ndiye walii wake, alipokea maneno, akarudisha maneno, wakakubaliana pale pa kukubaliana. Kila wimbo ulipoisha bila balaa, Fatu alishusha pumzi nyuma ya pazia. Alikuwa na furaha ya kweli, ile ya kumfanya mtu ampende hata Gervasi kwa dakika chache.

Ikafika zamu ya binti. Fatu mwenyewe alitoka kupunguza sauti, kwa madaha, ili wazee waone kwamba chombo kinamtii. Shangazi akaingia chumbani, mlango ukaachwa wazi kidogo kama desturi, na nyumba ikanyamaza. Shangazi akauliza. Chumbani kimya. Akasubiri kidogo kwa heshima ya jambo, akakusanya khanga zake ili anyanyuke, mdomo umeshaanza kujiweka tayari kwa vigelegele.

“Simtaki.”

Lilisemwa kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayekataa sukari kwenye chai. Mkono wa Fatu ulikwenda wenyewe kwenye kile kitufe cha kuongeza sauti, akabonyeza, akabonyeza tena mpaka mwisho. Lakini MP3 ilikuwa ya kizee, na mwisho wake haukuwa mbali. Sauti ya Lulu iliipita bila kujichosha.

“Simtaki Hamdani,” alisema. “Baba mdogo, nisamehe. Mzee Saidi, nisamehe na wewe, na zaidi kwa ile siku ya kwanza.”

Mzee Saidi aliomba ile kaswida izimwe. Kisha akanyoosha mkono kwenye sinia, akachukua sambusa, akaikata kwa uangalifu upande wa magego. Akasema kwamba mara ya kwanza walitukanwa na redio, na mtu hawezi kumpelekea majibu ya redio mwanamume mwenye maboti. Leo wamejibiwa na mwenyewe, hilo ni jambo linalobebeka. Wakala, wakashukuru, wakapeana mikono na baba mdogo, na ndala zao safari hii wakazivaa bila papara.

Fatu alibaki sebuleni na sinia tupu. Aliumia, na hakuumia kwa ajili ya Hamdani. Lile gari la barafu lilikuwa limeondoka na yeye akiwa bado barabarani, na alilijua hilo moyoni. Lulu alitoka chumbani, akaanza kukusanya vikombe.

“Kumbe siku ile ni wewe,” alisema Fatu.

“Ni mimi.”

“Umenidhalilisha mbele ya Ujiji nzima. Kwa nini hukuniambia?”

“Nilikwambia kisimani. Nikakwambia jikoni.” Lulu aliweka vikombe chini. “Nikaona mdomo wangu huusikii, mama, labda utaisikia redio.”

Fatu aliona ile ndoo ikimwagika, akamwona yule samaki ameungua upande mmoja. Akamkumbuka Gervasi na salamu zake zote zilizoishia kwa mbuzi, na itabidi kesho ampelekee chupa ya mawese, na amwambie nini?

Lulu alimwangalia mama yake, kisha akaangalia upande wa stoo.

“Naomba nirudishe cherehani barazani,” alisema. “Umeridhia?”

Fatu hakujibu. Lulu alisubiri kidogo, kwa heshima ya jambo, kama alivyosubiri shangazi. Nyumba ilikuwa kimya, MP3 imezimwa, na kwa Gervasi hakukuwa na muziki.

“Basi umeridhia,” alisema Lulu, akaenda kuyasogeza madumu.