Figo ya Basi

Mabasi yetu yalipigwa marufuku huko kwao yalikotengenezwa. Kwa wenye nazo kuna sheria: gari likizeeka, lisiingie mjini kuchafua hewa. Basi wakayapakia melini wakatuletea sisi, na wakubwa wakakata utepe. Nilikuwepo, nikapiga vigelegele kama mjinga. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Kila basi lilikuja na kichujio cha moshi uvunguni. Mafundi wa karakana wanakiita figo. Tatizo ni dizeli. Safi wanabaki nayo wao, chafu ndiyo tunayouziwa sisi, na dizeli chafu huiziba figo baada ya wiki chache tu. Kwa hiyo basi likifika, kazi ya kwanza ya fundi ni kulitoa figo. Na fundi mwenyewe ni mume wangu.

Mimi nakata tiketi kwenye kibanda cha kituo kikuu, ekzosi zikinipumulia dirishani. Daktari alinisikiliza kifua akasema nihame kwenye moshi. Nikamwuliza nihamie wapi, akaangalia saa.

Lilipokuja basi la mwisho, ambalo lingesimama mbele ya kibanda changu kutwa, nilimganda mume wangu.

"Baba, hili liachie figo yake."

"Litazima njiani, mama. Watanitoa roho."

"Na mimi nikizima?"

Akaiacha.

Nilipumua, jamani! Nililala chali kama watu wengine. Mume wangu alikuwa akiisafisha ile figo kwa siri wenzake wakienda kula, akirudi nyumbani mweusi tii, anacheka peke yake.

Mwezi haujaisha, basi likazima palepale kituoni, limejaa hadi mlangoni. Jua la kupasua kichwa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akagonga dirisha langu.

"Dada, mwanangu anachemka homa. Hospitali ni mbali. Linaondoka lini?"

Meneja akaja mbio, mume wangu nyuma yake na vifaa vya karakana, akachungulia uvunguni, akamgeukia mume wangu.

"Kumbe ni wewe! Ikate sasa hivi, au lete funguo za karakana uende zako."

Mume wangu alinitazama mimi, msumeno mkononi. Mimi nikamtazama yule mtoto, shingo imelegea, macho nusu wazi. Ningefanyaje?

"Kata, baba," nikasema.

Hajamaliza kukata, mnunuzi wa figo keshafika na gunia lake. Watu hawa hunusa kama fisi. Nikamwuliza anazipeleka wapi.

"Zinarudi kwao, dada. Zina madini ndani. Wanatengenezea vichujio vya magari yao mapya."

Injini ikanguruma. Moshi mweusi ukaingia kibandani hadi nisiione chenji mkononi mwangu. Abiria wakashangilia, wakapiga makofi. Na mimi, huku nakohoa, nikapiga.