Mbio za Kukiwahi Kicheko

Fundi magodoro, ambaye mji mzima ulimwita Godoro hata mbele ya wakwe zake, alikuwa hajasemeshwa na mkewe mwezi na ushei. Si kwamba nyumba ilikuwa kimya. Mkewe alikuwa mtu wa maneno, na maneno usipoyatoa yatakuchachia tumboni, kwa hiyo akamtafutia mumewe mkalimani. Mkalimani mwenyewe ni kabati la vyombo.

"Kabati," angesema asubuhi, akiliangalia machoni kana kwamba kabati lina macho, "mwambie huyo mtu chai iko mezani."

"Kabati," Godoro naye angejibu, maana angefanya nini, "mwambie mama watoto ahsante sana, ila sukari imesahaulika."

"Kabati, mwambie haikusahaulika."

Mtu mzima na akili zake kuongea na mbao! Lakini nani aliyeoa ambaye hajawahi kununiwa? Tusimcheke.

Na kucheka ndiko kulikoleta balaa lote. Dada yake Godoro alihamia nyumba mpya, ndugu wakakusanyika kumpongeza, na wifi yake, yaani mkewe Godoro, akaombwa aimbe. Sasa, sauti ya yule mama, tuseme ukweli tu, ilikuwa na njia zake. Iliondoka ilipotaka, ikapumzika ilipochoka, na pale ambapo waimbaji wengine wote hushuka, yeye alipanda, tena bila kuaga. Godoro aliijua sauti hiyo kuliko kiganja chake. Miaka yote ya ndoa yeye alipiga pamba barazani kwa fimbo zake mbili, mkewe akiimba jikoni upande wa pili wa ukuta, na fimbo zilipanda sauti ilipopanda. Basi siku ile alikaa kitako akiingoja ile sehemu ya kupanda. Kati ya watu wote mle ndani ni yeye peke yake aliyejua kwamba inakuja. Ilipofika, furaha ikamzidi, akacheka. Alicheka kwa sauti kubwa, ha-ha-haa, na wengine wakaona kumbe ruhusa imetoka. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mkewe akafumba mdomo katikati ya neno, na tangu hapo hakuimba tena.

Godoro alijieleza. Alilieleza kabati wee mpaka mate yakamkauka, kwamba kicheko kile kilikuwa cha kupenda, si cha kudharau. Kabati halikusaidia kitu.

Kazi nayo ikaharibika. Bila wimbo fimbo zilipiga ovyo, pamba ikajikunja madonge, wateja wakaanza kurudisha mali. "Fundi," mmoja alimwambia, mkono kiunoni, "hili ni godoro au ni shamba la mihogo?"

Hapo ndipo zinapoingia mbio. Mji ule ulikuwa na mbio zake za kila mwaka, kutoka uwanja wa mpira hadi sokoni, kupita mbele ya hospitali, kisha kurudi uwanjani. Godoro alikimbia kila mwaka, na kila mwaka alikuwa wa mwisho, kwa uaminifu kabisa, hata wakunja kamba za uwanjani walishazoea kumngoja. Mwaka huu mbio zilipokaribia, mkewe aliweka sufuria chini na kugeukia ukutani.

"Kabati, mwambie huyo mtu, siku atakapompita mtu mmoja kwenye hizo mbio zake, mmoja tu, hata awe mgonjwa, nitamsemesha kwa mdomo wangu huu. Na nitakuja kuona mwenyewe, nisije nikaletewa hadithi."

Godoro hakulala kwa furaha. Alijua dawa iko wapi: kama mikono yake haikuweza kazi bila sauti ile, miguu nayo ingewezaje? Akaenda kwa dada yake, ambaye siku ya sherehe alirekodi kila kitu kwenye simu kuanzia wali hadi wimbo, akamwomba amrushie huo wimbo wa beti nyingi. Jioni zilizofuata alikimbia mitaani na spika masikioni, miguu ikienda vizuri mno. Ila alikuwa mwangalifu kuuzima kabla haujafika mwisho, kwa sababu mwishoni kulikuwa na kile kicheko, na hakuna anayependa kuchekwa na yeye mwenyewe.

Siku ya mbio akapanga foleni ya ukaguzi. Ukaguzi wa nini? Wa nyimbo. Miaka miwili nyuma, mkimbiaji mmoja alisikiliza ngoma moto kiasi kwamba alipofika mwisho hakuweza kusimama. Walimkuta njia panda ya mji wa jirani, bado anakimbia, analia. Kamati ya Mbio ikakaa, ikatafakari, ikaamua kwamba wimbo ni kileo kama vileo vingine na lazima upimwe. Kipimo walichokubaliana ni mguu wa kulia wa mzee mmoja, mkaguzi wa tiketi mstaafu, ambaye siku hizi aliitwa Mguu tu. Aliketi chini ya turubai, kiatu kimevuliwa, mguu juu ya kigoda. Wimbo ulitiwa masikioni mwake, na Katibu wa Kamati alihesabu vidole vinavyogonga. Wimbo wa polepole ulipewa utepe mweupe, wa kasi kiasi utepe wa manjano, na wa kasi kupita kiasi ulikamatwa mpaka jioni.

Watu walijaribu ujanja, hawakosi. Mbele ya Godoro alikuwa muuza dawa, aliyeficha chakacha ndani ya wimbo wa msiba. Mguu alisikiliza, machozi yakamlengalenga, Katibu akashika utepe mweupe; mara mguu ukaruka ukapiga kigoda teke kikaangukia meza ya maji.

"Aibu!" Katibu alisema. "Na mwili wa marehemu bado haujapoa!"

Zamu ya Godoro ikafika. Wimbo ukaingia masikioni mwa Mguu. Kidole gumba kikagonga mara moja. Kikangoja. Kikagonga mara tatu upesi upesi, kisha kikabaki hewani, kinatetemeka, hakijui kitue wapi. Jasho likamtoka mzee wa watu. Mwishowe mguu wote ukaanza kuzunguka kama unakoroga uji.

"Toa! Toa!" alipiga kelele, akizing'oa spika. "Nimekagua tiketi za watu na majini, sijaona kitu kama hiki. Nani anaimba?"

"Mke wangu," alisema Godoro.

"Pole. Au hongera. Sijui."

Kamati ikateta pembeni. Utepe gani? Hakuna utepe. Kuukataza wimbo haiwezekani, kwa sababu hauna kasi. Kuuruhusu haiwezekani, kwa sababu kasi unayo. Katibu, aliyependa haki kuliko chakula, akatoka na uamuzi: wimbo usiopimika usimfaidishe mmoja. Wimbo wa mmoja ni wimbo wa wote. Wakimbiaji wote wavue spika zao, simu ya fundi ikae juu ya meza ya Kamati pale kwenye mstari wa kumalizia, na wimbo upigwe kwenye vipaza sauti vilivyofungwa kwenye nguzo njia nzima, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Godoro aliposikia neno "mwisho" filimbi ilikuwa imeshapulizwa.

"Katibu! Mwisho usipigwe! Mwisho una kitu!"

"Wimbo uliokwisha pita kwenye Mguu haukatwi," Katibu alijibu, amekumbatia simu kama mtoto. "Kimbia, fundi, wenzio wanakuacha."

Na kweli mkewe alikuwa pale pale, nyuma ya kamba, pamoja na wifi yake, dada wa Godoro, mikono kifuani. Sauti yake mwenyewe ikalipuka kutoka kwenye kila nguzo mjini. "Mlango u wazi, pita, mgeni, pita..." Watu wakashtuka, wakatazamana, wakaanza kuchekelea. Uso wa yule mama ukakakamaa. Godoro aliuona. Hakuwazia tena kumpita mtu. Kule mwisho wa wimbo kicheko chake kilikuwa kinamngoja mkewe, mbele ya mji mzima safari hii, na dawa ilikuwa moja tu: kuuzunguka mji na kurudi kwenye ile simu kabla kicheko hakijafika.

Akatimua.

Mashahidi wa siku ile bado wanabishana waliona nini. Wakimbiaji walijitahidi kuufuata wimbo, maana miguu ikishazoea muziki haikubali kukaa mbali nao. Wimbo ulienda taratibu, nao wakaenda taratibu. Ukachanganya ghafla, kama mwenye kukumbuka kwamba ameacha kitu jikoni, nao wakachanganya wakakanyagana. Ukakata pumzi, na watu wazima walibaki mguu mmoja juu katikati ya barabara. Muuza dawa aliganda mbele ya duka lake mwenyewe. Walimu wawili wa hesabu waligeukiana wakaanza kukimbia kurudi walikotoka. Bingwa wa mwaka jana, muuza mikate, alikumbatia nguzo akaomba wamzimie wimbo.

Godoro peke yake alijua njia. Alijua wapi mkewe anavuta pumzi na wapi anaonja mchuzi, hata kama siku ile hapakuwa na mchuzi. Sauti ilipokimbia alishakimbia. Iliposimama alikuwa ameshainua mguu wa kuvukia ule ukimya. Alimpita mtu wa kwanza sokoni, na kwa haki hapo angeweza kukaa chini akanywa maji, masharti ya kabati yametimia. Hakukaa. Aliwapita kumi, akawapita wote. Pale hospitali wagonjwa walijitokeza madirishani kumshangilia mtu ambaye kila mwaka walimpigia makofi ya kumwonea huruma.

Alipoingia uwanjani hakuwa na mtu mbele yake. Mstari ule pale, meza ile pale, na simu mikononi mwa Katibu. Kutoka nguzoni mkewe alikuwa kwenye ubeti wa mwisho: "Kizingiti kisikutishe..." Godoro alinyoosha mkono akingali mbali, kama mtoto anayetaka kitu mezani. "Ndani ni..." sauti ilipanda, ikapanda pale pasipopandwa, na bado hatua chache, chache mno.

"Ha-ha-haa!"

Kilijaa uwanja mzima. Hakuna asiyekijua kicheko cha Godoro. Sokoni walikuwa wakikisikia kabla hawajamwona mwenyewe. Nyuma yake kikafuata kile cha ndugu, kisha simu ikanyamaza. Watu uwanjani walimtazama fundi, wakamtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuna aliyetaka kucheka. Yule mama alikuwa ameinamisha kichwa. Wifi yake alishika kamba akaanza kulia, maana ni yeye aliyerekodi.

Godoro alikuwa amesimama, vidole vya miguu juu ya mstari. Angeinua unyayo tu, angekuwa bingwa. Hakuuinua. Alikuwa na aibu, na zaidi ya aibu alikuwa na uchungu, kwa sababu sasa alisikia kile alichokuwa akikizima kila jioni: neno la mkewe limekatwa katikati, halijakamilika mpaka leo. Akavuta pumzi, na hiyo kidogo aliyopata haikutosha, akaanza kuimba.

"Kizingiti kisikutishe," aliimba, na sauti yake, ukitaka kujua, ilikuwa mbaya kuliko ya mkewe mara kumi. "Ndani ni... ndani ni..."

Ikashuka. Akajaribu tena, ikashuka tena. Wakimbiaji, wameachiwa na wimbo, walianza kuingia uwanjani. Muuza mikate alimpita kulia, muuza dawa kushoto, wale walimu wawili wakapita wakiomba radhi. Mmoja mmoja wakavuka mstari, na yeye pale pale, macho yamemtoka, anarudia neno lile lile kama gari lisilowaka. Mwisho akapita bibi aliyekuja na mkongojo, hakuwa hata ameandikishwa.

"Ndani ni... ndani ni..."

"Wewe!"

Mkewe alikuwa ameinua kamba na kupita chini yake. "Unaniharibia wimbo mbele za watu. Hapo unapanda! Miaka yote hii unasikiliza nini? Unapanda hivi." Akafungua mdomo, akapanda, juu, pasipo na ngazi wala ukuta wa kuiegemeza. "Ndani nipo, nakungoja." Akamaliza, akavuta pumzi. "Umesikia?"

"Nimesikia," Godoro alisema, akilia kama mtoto.

"Haya, pita basi. Watu wanataka kukunja kamba."

Akapita. Alikuwa wa mwisho kama desturi, na chini ya turubai kidole gumba cha Mguu kiligonga kigoda mara moja, kikatulia, kama kitu kilichopata mahali pake.

Njiani kurudi nyumbani Godoro alibeba viatu mkononi, malengelenge yalikuwa yamemzidi. Walipomaliza mtaa wa kwanza uaminifu ukamshinda.

"Lakini sikumpita mtu," alisema. "Hata yule bibi wa mkongojo amenishinda."

"Kwani nani kakwambia nimekusemesha?" alijibu mkewe. "Nilikuwa naukosoa wimbo. Na utembee vizuri, acha kuburura miguu."

Aliyasema hayo akimtazama usoni, na kabati lilikuwa nyumbani.