Bao la Kumi na Tano

Mjini Harrowclough, mji wa viwanda vya nguo mabondeni, kulikuwa na mtu aliyeitwa Kumi na Nne. Kanisani aliandikwa Enoch Sowerby, na mkewe alipokuwa hai alimwita Enoch, lakini kiwandani, baani na barabarani watu walimwita Kumi na Nne, naye akaitika, maana jina likishakuganda ni bure kulikwangua. Siku moja ya mwaka 1909, akiwa kipa wa timu ya mji, alifungwa ugenini mabao kumi na manne. Katika ligi ya mabonde yale hakuna kipa aliyewahi kufungwa mengi kiasi hicho, kabla yake wala baada yake. Kila timu ilipopigwa nane au tisa mahali popote, gazeti la jioni la Jumamosi liliwakumbusha wasomaji wake: rekodi ingali ile ile, Sowerby, kumi na manne. Miaka ishirini na mitano ilikuwa imepita na gazeti lilikuwa halijachoka.

Klabu haikumtupa. Alipoacha kudaka walimpa kazi ya kuwasha moto wa kuchemshia maji ya kuogea, kufua soksi, na kuvipaka mafuta viatu vya wachezaji. Viatu vya siku hizo vilikuwa vya ngozi nene, na visipopakwa mafuta vinakunywa maji hadi vinakuwa vizito kama matofali. Enoch alivipaka Alhamisi baada ya mazoezi na tena Jumamosi asubuhi, na kwa kazi hiyo aliwajua wachezaji kwa miguu yao kuliko mama zao walivyowajua kwa sura.

Jumamosi moja ya Januari ikaja timu ya Skelby. Enoch alimaliza kazi yake, akanunua mkate wake wa nyama, akaenda kusimama nyuma ya lango la upande wa kiwandani, mahali pake pa siku zote, karibu na rafiki yake Jabez Oldroyd. Jabez alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia nguo, na kwa kuwa kutwa nzima kiwandani haisikiki sauti ya mtu, alikuwa ameweka akiba ya maneno ya wiki nzima kwa ajili ya Jumamosi.

Mchezo ulianza vibaya kwa wageni, kisha ukaharibika. Upepo ulikuwa unawapiga usoni. Kufikia dakika ya ishirini walishafungwa matatu, na beki wao wa kulia alikuwa amebebwa juu ya ubao, goti limegeuka. Punde beki wa kati naye akagongana kichwa na mwenzake, akatolewa nje hajui yuko mji gani. Zama zile hapakuwa na mchezaji wa akiba. Aliyetoka ametoka, na waliobaki wanajazia. Skelby wakabaki tisa ndani ya tope, na Harrowclough, ambao kwa kawaida kupata bao moja kwao ni kama kung'oa jino, siku hiyo kila walichopiga kiliingia. Mapumziko yakafika ikiwa saba bila.

Timu zilipobadilishana magoli, kipa wa Skelby akaja upande wa akina Enoch. Jina lake Lowther, kijana wa miaka ishirini na miwili, mchimba makaa, mwembamba, sweta lake la kijani limelowa mpaka limefika magotini. Kuna desturi pale, sijui nani aliianzisha, kwamba kipa wa wageni akija kwenye lango lenu kipindi cha pili, mnampigia makofi, hata kama mchana kutwa mmekuwa mkiwatukana ndugu zake. Wakampigia. Lowther akavua kofia yake iliyojaa tope, akawainulia, akaivaa tena, akatema mate viganjani.

"Saba," Jabez akasema. "Kumi na Nne, umesikia? Yakiingia manane tena, huyu anabeba jina lako anaondoka nalo kwenye treni."

"Acha maneno yako."

"Maneno gani? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni si huyo kaja? Wewe pona tu, bwana."

Watu waliokuwa karibu wakacheka, na Enoch akacheka pamoja nao, kwa vile alikuwa amezoea. Lakini manane tena, na Jumatatu angeamka akiwa Enoch. Aliyataka yale mabao, tusidanganyane. Nani asingeyataka?

La nane likaingia kwa kichwa. La tisa likamgonga beki mgongoni, likageuza njia, likaingia. La kumi alilifunga Tattersall, mshambuliaji wa kati, na lilikuwa lake la tano. Uwanja ulirindima, kofia zikarushwa. Kisha lilipoingia la kumi na moja, jambo la ajabu likatokea: kelele hazikuja. Watu elfu sita walivuta pumzi tu. Mtu wa ubao wa matokeo, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuhitaji tarakimu mbili upande mmoja, alikuwa amening'iniza moja na sifuri kwa kamba ya kiatu, na sasa alishika moja nyingine mkononi akiiangalia kana kwamba imeokotwa.

"Babu yangu aliwaona Preston wakiwapiga Hyde ishirini na sita," Jabez alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwaka themanini na saba. Nilikuwa nikidhani mzee anatuongopea. Sasa naona mambo haya yapo."

Enoch alikuwa amekoma kuhesabu mabao, akawa anahesabu kitu kingine. Lowther alikuwa anaruka. Kwa kila mpira uliopita, kulikuwa na miwili mitatu aliyoizuia: mmoja kwa ngumi, mmoja kwa kifua, mmoja kwa uso, hata damu ya pua ikachuruzika kwenye sweta. Alijipigiza bega kwenye nguzo kwa ajili ya mpira ambao hata mbwa angeuacha. Akifungwa, alilala kwenye tope kidogo, kisha anaufuata mwenyewe nyavuni, anaupangusa, anautupa katikati. La kumi na mbili aliruka. La kumi na tatu aliruka na kuligusa kwa ncha za vidole. Enoch alikuwa ameona makipa wakubwa, waliochezea taifa, wala hakuna aliyewahi kumtia hofu ya namna hii, hofu ambayo mtu huipata akiingia kwenye kanisa kubwa akiwa peke yake.

Maana Enoch alikuwa na siri, na siri yenyewe haikuwa kumi na nne. Ile siku ya mwaka 1909 alidaka kiume mpaka bao la kumi. Baada ya hapo alichoka kuchekwa, akasimama. Mabao manne ya mwisho yalipita huku na huku na yeye mikono ameiacha ining'inie. Mvua ilikuwa kubwa, waandishi walikuwa mbali, wakaandika kwamba Sowerby hakuwa na la kufanya. Watu walimcheka kwa kufungwa mengi. Hakuna aliyejua la kumchekea hasa. Mkewe alikufa hajui.

La kumi na nne likaingia zikiwa zimebaki dakika tano.

"Mmelingana," Jabez akasema. "Moja tu, bwana. Moja."

Uwanja nao ulikuwa umejua hesabu. Sauti zikarudi, kwanza kwenye kona, kisha zikazunguka pote, watu wanagonga viatu vyao vya mbao kwenye sakafu ya jukwaa: moja, moja, moja. Walitaka rekodi. Walitaka kuwaambia wajukuu. Zikiwa zimebaki dakika mbili, beki wa Skelby aliyekuwa hawezi tena kusimama sawasawa aliuzuia mpira kwa mkono, na refa akaonyesha penalti.

Tattersall akauweka mpira. Lowther akasimama katikati ya nguzo, anahema, mgongo wake uko hatua nne tu kutoka kwa Enoch. Na hapo Tattersall akafanya jambo dogo ambalo siku nyingine alilifanya na siku nyingine hakulifanya. Aliinua mguu wa kulia, akapangusa ncha ya kiatu nyuma ya soksi ya kushoto.

Katika uwanja mzima, mtu mmoja tu alijua maana yake. Miaka mitatu Enoch alikuwa akifua soksi zile. Alhamisi ambazo soksi ya kushoto ilirudi kutoka mazoezini na doa la mafuta ya kiatu, Tattersall alikuwa amepiga penalti zake chini, kushoto kwa kipa. Soksi ikirudi safi, alikuwa amepiga kulia. Enoch hakuwahi kumwambia yeyote, hata Jabez. Ilikuwa siri ya klabu, na klabu ndiyo iliyompa mkate.

Refa akatia kipyenga mdomoni. Moja tu, na jina lingehama. Kijana mwenyewe angelibeba, angeitwa Kumi na Tano huko kwao mpaka azeeke, angeitwa hivyo na watu ambao hawakuona hata mruko mmoja. Enoch aliutazama ule mgongo. Ulikuwa umeinama tayari, unangoja kuruka, kana kwamba ni sifuri kwa sifuri.

"Kushoto kwako! Chini!"

Lowther hakugeuka. Tattersall akapiga, na Lowther alikuwa ameshakwenda, kushoto, chini, mkono umenyooka wote. Mpira ukamgonga kwenye kiwiko cha mkono, ukagonga nguzo, ukatoka nje.

Watu elfu sita waliguna pamoja. Kisha, sijui ni nani aliyeanza, wakaanza kupiga makofi, wale wale waliokuwa wakiitaka moja, na makofi hayakukoma mpaka kipyenga cha mwisho. Wengine walikuwa wanafuta macho na kusingizia upepo.

Jabez alikuwa anamtazama rafiki yake. "Umefanya nini wewe?"

"Nimekohoa."

"Umekohoa maneno matatu."

"Kikohozi kibaya," Enoch akasema, akaenda zake kuchukua ndoo.

Katika chumba cha wageni Enoch alimimina maji ya moto kwenye beseni kubwa. Lowther alikuwa ameketi benchini, hajavua kitu, pamba puani. Alipomsikia Enoch akimwomba mtu apishe ndoo, akainua kichwa.

"Sauti hiyo. Ni wewe uliyepiga kelele."

"Watu wengi walipiga kelele."

"Mzee, usinifanye mtoto. Nashukuru." Akajipangusa pua. "Wanasema nimelingana na kipa fulani wa zamani. Wa hapa kwenu. Sowerby. Unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Maana mimi nilitaka kusimama, mzee. Nakwambia ukweli. Tangu la saba nilitaka kusimama tu, yapite yakitaka. Kisha nikaja huku kwenu mkanipigia makofi. Sasa mtu umebeba saba mgongoni na watu wanakupigia makofi, utasimamaje?" Akayatazama maji. "Nilikuwa najiuliza kama yeye aliruka mpaka mwisho."

Hata Enoch walimpigia makofi siku ile ya mwaka 1909, ugenini kule. "Oga," alisema. "Maji yatapoa." Kisha akapiga magoti, akamfungua viatu, akavichukua. Viatu vya wageni havikuwa kazi yake. Alivikwangua tope, akavipaka mafuta pande zote na kwenye mishono, akavirudisha chini ya benchi kabla treni yao haijafika.

Baa ya karibu na uwanja ilijaa mpaka mlangoni. Gazeti la jioni liliingia bado lina unyevu wa wino, na Jabez, kama ilivyo ada, akapanda juu ya stuli alisome. Alisoma majina ya wafungaji, Tattersall manane, na kila jina watu waligonga meza. Alipofika mstari wa chini akasafisha koo.

"Rekodi ya ligi: Sowerby na Lowther, kumi na manne kila mmoja." Akainua bilauri. "Mabibi na mabwana, Kumi na Nne kapata pacha!"

Wakacheka, wakamgeukia Enoch, wakamwinulia bilauri zao. Kila mtu alingoja acheke nao kama kawaida yake.

"Si pacha wangu," Enoch alisema. "Hatujalingana."

"Gazeti linasema mmelingana."

"Gazeti halikuona." Aliweka bia yake chini. "Mabao manne ya mwisho sikuruka, Jabez. Nilisimama. Mikono hivi. Nilikuwa mzima, sikuumia popote, nilisimama nikayaangalia yakipita. Yule kijana hakusimama hata kwa moja."

Mtu mmoja mlangoni alianza kucheka, akaona wenzake hawacheki, akaacha. Jabez alishuka kutoka kwenye stuli polepole, akalikunja gazeti mara mbili, mara tatu, mpaka likawa dogo.

"Miaka ishirini na mitano," alisema. "Nimekutania kila Jumamosi, na hukusema. Kwa nini leo, Enoch?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake mbele ya watu bila utani.

"Kwa sababu siku zote nilijiambia haiwezekani kuruka mpaka mwisho," Enoch akasema. "Leo nimeona inawezekana."