Upara wa Mjomba Willis

Caren wa darasa la kati alikuwa hodari wa kuigiza watu, ila miguu yake haikuwa na adabu. Katika ukumbi wa ballet wa Mwalimu Jerusha, juu ya duka la dawa za mifugo mjini Migori, alizunguka mara moja vizuri. Mzunguko wa pili ulimtupa dirishani.

"Chagua kitu kimoja ukikazie macho," mwalimu alimwambia. "Mwili utangulie, kichwa kibaki, halafu kigeuke haraka kikitafute hicho kitu. Na kaza tumbo!"

Caren alichagua ng'ombe wa kalenda ukutani. Wiki tatu walikodoleana macho, na mzunguko wa pili ukaanza kukubali, ingawa si kila siku.

"Ukianguka kwenye onyesho la Homa Bay," mwalimu akasema, "utarudi darasa la watoto."

Watoto wenyewe walikuwa na mapengo mbele na walishaanza kumwita shangazi. Afadhali ahamie Ntimaru akauze mahindi.

Huko Homa Bay hakukuwa na ng'ombe, ni giza tupu. Kisha akauona, safu ya mbele, upara wa mjomba wake Willis kutoka Sori uking'aa kwa mwanga wa taa za jukwaa. Caren akacheka kimoyomoyo. Kila alipozunguka, macho yalirudi pale pale.

Sasa, Willis ni mtu wa ohangla. Kwenye ngoma hizo za Wajaluo, mwimbaji akikukazia macho anakuita kwenye pakruok: unasimamisha muziki na kujisifu mpaka utosheke. Mpwa wake alikuwa amemtazama mara nne. Angekaaje?

Caren alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, kisigino juu, Willis alipoinuka.

"Hebu simamisha hiyo muziki!"

Fundi wa muziki, Mjaluo kamili, akasimamisha bila swali.

"An Willis wuod Sori, mwana wa Sori! Ndovu mwenye alikunywa ziwa, samaki wakabaki wanatembea!"

Caren alitamani ardhi immeze.

"Usithubutu kushuka," Jerusha akanong'ona nyuma ya pazia.

Caren akaukazia upara macho. Willis akaisifu mitumbwi yake, akahamia kwa baba yake, akarudi kwenye mitumbwi. Mguu ulitetemeka. Aibu ilimchoma, lakini kicheko nacho kilimpanda, na kwa kukizuia alikaza tumbo kuliko alivyowahi kulikaza maisha yake yote. Mguu ukatulia.

"Sasa pigia huyu mtoto wetu muziki!"

Akashuka taratibu, akapinda magoti, akazunguka. Mara moja. Mara mbili. Na kwa kuwa upara ulikuwa bado pale, mara tatu. Akatua wima, na Homa Bay nzima ikapiga vigelegele.

Jumamosi iliyofuata, darasa la kati lilimkuta ng'ombe ameondolewa ukutani. Mahali pake palikuwa na picha ya Willis ndani ya fremu, ameileta mwenyewe.

"Kazeni tumbo," alisema Mwalimu Jerusha, naye akijikaza asicheke.

Darasa zima likakaza.