Manyunyu Yaliyomfuata Wakio hadi Voi

Jumatatu ya pili ya Januari 1996, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Wakio alisimama mbele ya nyumba yao huko Bura akiwa na sanduku la bati na godoro lililofungwa kwa kamba ya katani. Barabarani pikapu ya Hillary ilikuwa imeshapakiwa kabichi, inanguruma. Kabichi zilitakiwa ziwe sokoni Voi kabla jua halijazinyausha, na Hillary, ambaye alikuwa mtu mwema katika mambo yote isipokuwa kusubiri, alikuwa ameshatazama saa mara tatu.

Nyanya yake Wakio alikuwa bado anatasa. Mtaita hamwachi mtu wake asafiri hivi hivi, bila kutasa. Unajaza maji mdomoni, unayapuliza kifuani pa msafiri, unataja kila kinyongo ulicho nacho ili kitoke, unaomba baraka ziingie, halafu mwishoni unapuliza mara moja ya kufunga. Mwaka huo nyanya alikuwa na vinyongo vingi. Alitaja cha baba yake Wakio, aliyesema kwamba huu ndio mwaka wa mwisho wa kumsomesha binti, kwa kuwa mdogo wake alikuwa karibu kuingia sekondari. Akataja cha chuo alikosoma Wakio, kilichofungwa mara mbili mwaka uliopita kwa kukosa maji na kuwarudisha watoto nyumbani kabla ya mtihani. Akataja cha mbuzi wa jirani. Kisha akaomba baraka, akajaza mdomo ili afunge, na hapo hapo Hillary akapiga honi.

Nyanya alishtuka, akayameza.

"Hatujafunga," alisema.

"Utafunga nikirudi, nyanya," Wakio alimjibu, akapanda juu ya kabichi.

Manyunyu yalianza walipofika Mwatate. Yalikuwa membamba na ya baridi, manyunyu ya Bura hasa, na yalimwangukia Wakio peke yake, hatua mbili kila upande. Kabichi zilifika Voi zikiwa mbichi kuliko zilipokatwa shambani. Saa tatu Hillary alikuwa ameshazimaliza zote, akaenda kunywa chai akijisifu.

Chuo kilikuwa cha serikali, upande wa pili wa reli, katikati ya vumbi jekundu ambalo liliingia hadi kwenye chumvi. Kilifundisha uhazili, useremala na ufundi wa magari. Wanafunzi walitoka kila pembe: Wataveta wa Chala, Waswahili wa mjini Voi, Wakamba, Wajaluo ambao babu zao walikuja kufanya kazi ya reli, na Wasomali wawili kutoka Garissa. Wote walikula maharagwe ya aina moja na kuyalalamikia kwa lugha saba. Nyuma ya ua lilipita bomba kubwa lililopeleka maji pwani, na ukilikaribia ulilisikia likivuma mchana na usiku. Kutoka hapo hadi kwenye mfereji wa chuo ni hatua arobaini. Mfereji huo ulikuwa mkavu, na fundi wa chuo alianikia soksi zake juu yake. Kwa miaka tisa Bwana Maundu, mkuu wa chuo, alikuwa ameomba kuunganishiwa maji, na kila mwaka alijibiwa kwamba ombi lake liko kwenye orodha.

Karani wa usajili alimuuliza Wakio kama manyunyu yale ni yake. Wakio akasema ni ya nyanya. Karani akaitazama fomu juu na chini, hakuona pa kuyaweka, akayaandika kwenye sehemu ya mizigo mingine.

Mwenzake wa chumbani alikuwa Khairat, binti wa mwenye duka la vyuma mjini. Khairat alimtazama Wakio akichuruzika mlangoni, akatoa ushungi wake akautundika mahali pakavu.

"Shoga, simama hapo hapo, usitoke," alisema. "Nakwenda kutwaa ndoo."

Kabla ya Ijumaa Khairat alikuwa ameleta mabati manne kutoka dukani kwa baba yake. Vijana wa useremala wakatengeneza jukwaa dogo, wakaweka kiti na dawati juu yake, na mfereji wa bati chini yake ulioelekea kwenye tangi. Wakio alisoma hapo jioni. Alipofungua kitabu cha hatimkato tangi lilianza kulia ndwii, ndwii, na alipofika ukurasa wa ishirini lilikuwa limefika nusu. Ndambuki, mpishi, alikuja na sufuria mbili kila saa kumi na moja.

"Wakio, nisaidie maji ya ugali," alimwambia. "Na usisome mbio. Soma pole pole, uelewe."

Darasani palikuwa na taabu kidogo, kwa maana karatasi hupigwa chapa ikiwa kavu. Wakio alifunika taipureta kwa nailoni, akaingiza mikono chini yake. Nailoni ilijaa ukungu dakika ileile, asione herufi hata moja. Mwalimu alikuwa ametumia miaka kumi na miwili kuwagombeza wasichana wasitazame vidole vyao, na huyu hakuwa na njia ya kuvitazama. Kufikia Mei alikuwa anapiga maneno sitini kwa dakika, wa kwanza katika chuo, na mwalimu alikuwa anawaza kuwanunulia wote nailoni.

Usiku manyunyu yalikoma, kwa sababu nyanya alikuwa amelala. Jumapili yalikoma kuanzia saa nne mpaka saa sita, wakati wa ibada. Wasichana walijua na walifua Jumamosi. Khairat na wenzake walitawadha kwa maji hayo, Wakamba wakamwagilia sukuma wiki nyuma ya jiko, na ilikuwa kawaida kusikia mtu akiimba bafuni, jambo ambalo chuo hakikuwa kimelisikia tangu kijengwe. Ulikuwa mwaka wa furaha. Hata vumbi lilitulia.

Mwezi wa Julai maji yalikuja yakiwa moto. Chuo kizima kilioga maji ya moto siku nne na kufurahi. Wakio hakufurahi. Alikaa jukwaani akilia, na kwa kuwa uso wake ulikuwa umelowa siku zote, ni Khairat peke yake aliyetambua.

"Ni nyanya," Wakio alisema. "Ana homa."

Khairat alipanda jukwaani, akakaa naye palepale kwenye maji akiwa na nguo zake zote. Siku ya tano asubuhi manyunyu yakarudi baridi. Alasiri Hillary alipita na kabichi, akasema malaria imemtoka mama mzee na tayari anagombana na jirani kuhusu mbuzi. Wakio alicheka mpaka akashika mbavu, na jioni hiyo tangi lilifurika.

Septemba alikuja mkaguzi kutoka Nairobi kuamua kama chuo kifungwe tena. Wakio hakulala vizuri usiku wa kuamkia siku hiyo. Kikifungwa hakuna mtihani, na mwaka mwingine hakuwa nao. Mkaguzi alikagua tangi, akakagua bafu, akala sukuma wiki, akasimama mbele ya jukwaa kwa muda akitazama maji yakishuka. Akauliza kama msichana huyo ana bima. Kisha akaandika kwenye daftari lake na kuondoka.

Barua zilifika mbili, siku moja. Ya kwanza ilisema chuo hakitafungwa. Ya pili ilisema kwamba, kwa vile mkaguzi amethibitisha maji yapo ya kutosha, ombi la kuunganishwa na bomba limeondolewa kwenye orodha. Bwana Maundu aliisoma ya kwanza mbele ya gwaride, wanafunzi wakamrusha Ndambuki juu kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Ya pili aliikunja mara nne na kuitia mfukoni.

Wakio alifanya mtihani Novemba. Msimamizi alivaa koti la mvua. Alifaulu kuliko wote, na cheti chake kilijikunja kidogo pembeni, kikabaki hivyo.

Siku ya mahafali Hillary alimleta nyanya, akiwa amekaa mbele, juu ya mto. Baada ya hotuba nyanya alimwomba Wakio asimame ili afunge kile walichokiacha Januari. Akaomba kikombe cha maji. Hakuna aliyemletea. Alipogeuka aliona wanafunzi wa mwaka wa kwanza wamepanga mstari kutoka jukwaani mpaka jikoni, kila mmoja na ndoo yake tupu.

Nyanya aliutazama mstari ule.

"Mnataka nini?" aliuliza.

Bwana Maundu alimwonyesha bomba nyuma ya ua. Nyanya akasikiliza likivuma.

"Kile ni nini?"

"Ni maji, mama."

"Ya nani?"

"Yanapita tu."

Nyanya akaitikia kwa kichwa. Kwanza alichota mwenyewe kikombe cha maji kwenye tangi, akamfungia Wakio, akapuliza mara moja, na manyunyu yakakatika. Wakio alishika nywele zake zinazokauka, akahisi jua la Voi kichwani, akaona raha na upweke kwa pamoja. Kisha nyanya akauliza nani atabaki chuoni mwaka ujao. Akasogea Nthambi, msichana wa Mtito Andei, mwaka wa kwanza.

"Ni sawa tu, nyanya, bora mvua isinikute nimesuka nywele," alisema.

Nyanya alitasa kwa Nthambi kama kwa mjukuu wake. Alipofika kwenye vinyongo alitaja kimoja tu, akikielekeza kidole nyuma ya ua. Akaomba baraka. Akajaza mdomo ili afunge, akanyanyua mkono, na Hillary, ambaye alikuwa akingoja kwenye pikapu bila kutazama saa, akapiga honi.

Nyanya akayameza.

Manyunyu yakaanza kumwangukia Nthambi, ya baridi, ya Bura. Ndoo ya kwanza ikalia ndwii, watoto wakapiga vigelegele, Khairat akapiga makofi mpaka bangili zikamtoka. Wakio alimshika nyanya mkono, akamuuliza kama yuko sawa.

"Yalikuwa machungu kidogo," nyanya alisema, akijifuta mdomo kwa pembe ya kanga. "Lakini yameteremka."

Nyuma ya ua bomba lilikuwa likivuma. Ndambuki akaja na sufuria zake mbili, akaenda kusimama mwisho wa mstari.