Mistari Mia Tano Iliyopungua

Fulgence alitengeneza televisheni za watu, yake hakuwa nayo. Tangu amzike mke wake, nyumbani alibaki na redio zilizokufa na jarida moja la Kifaransa alilopewa na padri. Humo alisoma kwamba Wajapani wamebuni picha ya televisheni yenye mistari elfu moja mia moja ishirini na tano. Unaweza kuhesabu kope za mtu. Ya Zaire ilikuwa na mia sita ishirini na tano, nayo ilifika Bunia imejaa chenga.

Mwaka wa sabini na mbili walimnyang'anya binti yake jina la ubatizo, Marcelline, eti si la kizairwa. Mwaka wa themanini na moja wakamchukua mwenyewe. Watu wa chama walipita shuleni wakichagua wasichana warefu wa kwenda Kinshasa kuwachezea wakubwa ngoma. Hakuna mzazi aliyeulizwa. Miaka mitatu, bila barua hata moja. Sasa dereva mmoja alikuwa amemwambia kwamba siku ya sikukuu ya chama wasichana wa kwao Ituri watacheza mstari wa mbele, na televisheni itaonyesha.

Siku hiyo, saa tisa mchana, alikwenda kwa Kamate, mfanyabiashara mwenye televisheni aliyehamia kutoka Butembo mwaka uliopita.

"Fundi, hawa ni wachezaji ao ni kuku iko inanyonyolewa?" Kamate alimchokoza. Sebule nzima ikacheka.

Fulgence akapanda juu ya bati, akazungusha mwanzi wa antena.

"Bado! Rudisha! Hapo, hapo!" walimwelekeza kutoka sebuleni.

Akaachilia, akakanyaga ngazi.

"Imepotea! Shika, muzee!"

Akashika, ikarudi. Akaachilia, ikapotea. Ndipo akaelewa: bila mkono wake antena haikamati kitu. Akishika, wote wanaona isipokuwa yeye.

"Mama Kavira!" alimwita mke wa Kamate. "Mutoto wangu iko? Murefu, mustari wa mbele!"

"Warefu iko wengi, baba. Na kitenge ni kimoja."

"Angalia nyusi ya kushoto. Iko na kovu, aliangukia jiwe ya kusagia."

Ngoma ya televisheni ikaendelea kulia.

"Picha ni muzuri, baba, hata meno naona. Kovu sioni."

"Sogea karibu!"

"Nikisogea naona mistari tu."

Mistari mia tano ya Wajapani ilikuwa imepungua, na Marcelline alikuwa mahali fulani ndani ya hiyo mia tano.

"Yule murefu kupita wote, anacheka?"

"Wote wanacheka, baba. Si wameagizwa?"

Ngoma ikakatika. Sauti nzito ya mkubwa ikaanza.

"Shuka, fundi," Kamate akapaza sauti. "Hotuba siye tunaijua hata bila picha!"

Watu wakacheka tena, wakaanza kutoka. Mkono wa Fulgence ulikuwa umekufa ganzi. Akabadilisha, akashika kwa ule mwingine. Huenda wangewaonyesha wasichana tena.

"Mama Kavira," aliita, "usitoke pale."

Chini, viti vilikuwa vinakokotwa.